Watoto Arobaini na Watatu Waliopewa Jina Langu

Chumba cha Mafundi, ghorofa ya chini,
Hospitali ya Wazazi.
Jumatatu asubuhi.

Kwako Bibi Msajili wa Vizazi na Vifo,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii imekukuta umekaa, kwa sababu ni ndefu. Mimi hali yangu ni nzuri, ukiondoa jina.

Naitwa Tazama Nyuma. Tafadhali usigeuze karatasi, huko nyuma hakuna kitu. Hilo ndilo jina langu kamili, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Nina umri wa miaka hamsini na minane. Ni fundi wa lifti katika hospitali hii, nina mke mmoja na binti mmoja, na si mtu wa kulalamika. Katika maisha yangu nimewahi kulalamika kwa maandishi mara moja tu, nilipokuwa na miaka kumi na minane, na ilikuwa kwenye ofisi hiyo hiyo unayokalia wewe leo. Nitafika huko.

Kwanza inafaa ujue jina hili limetoka wapi, maana siku hizi kila mtu ana hadithi yake, na zote ni za uongo.

Marehemu baba yangu alikuwa mshona nguo mwenye mwandiko mkubwa. Nilipozaliwa, nyumbani kwetu palikuwa na ugomvi. Bibi mzaa baba alitaka nichukue jina la mumewe, bibi mzaa mama akataka la mumewe, na kila mmoja aliapa kwamba la mwenzake likitangulia, yeye hatakanyaga tena kizingiti kile. Baba akatunga suluhisho lenye majina manne na maelezo ya nani ameheshimiwa wapi. Alipofika ofisini kwenu akakuta kisanduku cha "Jina la mtoto" kina ukubwa wa kibiriti. Akaandika humo: Tazama nyuma. Kisha akageuza fomu akajaza nusu ukurasa.

Karani wa wakati huo, ambaye simlaumu, alikuwa mtu wa kutii maandishi. Alinakili kwenye daftari kile alichokikuta kisandukuni. Jina la kwanza, Tazama. Jina la ukoo, Nyuma. Akapiga muhuri. Baba aliporudi kulalamika aliambiwa kwamba jina likishapigwa muhuri ni mali ya mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye atakayeomba kulibadilisha akitimiza miaka kumi na minane. Baba akarudi nyumbani na cheti mkononi. Bibi zangu wakasomewa, wakaona hakuna aliyeshinda, na amani ikapatikana. Ndiyo maana nasema, kwa pale nyumbani jina halikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilianza nilipotoka nalo nje.

Shuleni, mwalimu akisema "tazama ubaoni", mimi nilisimama. Nikaadhibiwa kwa kusimama. Nikajifunza kutosimama, na siku aliponiita kweli nikaadhibiwa kwa kukaa. Wakati wa kuita majina ilikuwa mbaya zaidi: akisoma jina langu kamili, darasa zima la watoto arobaini liligeuka kuangalia ukuta wa nyuma, na ilichukua dakika tano kuwarudisha. Mwishowe mwalimu akachoka, akawa analiruka jina langu. Mwaka ulipoisha ikaonekana sikuhudhuria hata siku moja, nami nikarudia darasa la nne kwa kosa la utoro.

Nilipotimiza miaka kumi na minane, asubuhi ya siku ile ile, nilikuja kwenu nikajaza fomu ya kubadili jina. Baada ya miezi mitano nikaletewa jibu. Lilisema: "Ombi lako limekataliwa. Sababu: tazama nyuma." Nikaigeuza ile karatasi. Palikuwa peupe. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa sababu au walikuwa wananiita.

Kwenye harusi yangu, mfungisha ndoa alisoma majina yetu kwa sauti nzuri sana. Picha ninayo. Bibi harusi anacheka, mimi namvisha pete, na nyuma yetu vimeonekana visogo sitini. Nilipoajiriwa hapa, nilipewa ovaroli yenye jina lililotariziwa kifuani. Wagonjwa wakisoma, wananizunguka kuangalia mgongoni, ambako hakuna kitu isipokuwa grisi. Binti yangu naye, kwa kuwa ni wa Nyuma, tangu chekechea alikalishwa mwisho wa darasa na hakuna mwalimu aliyeona haja ya kuuliza.

Nayasema haya si kwa kutaka huruma. Nilizoea. Jina likiwa lako peke yako, hata kama ni baya, ni sawa na kukaa kwenye nyumba inayovuja: angalau unajua pa kuweka ndoo. Kwa miaka hamsini sikukutana na Tazama mwingine. Mtu akisema "Tazama", ama anataka nione kitu, ama ananitaka mimi, na sikuwa na mpinzani.

Yote yalibadilika miaka minane iliyopita, Alhamisi, kabla ya saa nne asubuhi.

Aliyechora jengo hili aliona busara kuweka wodi ya kujifungulia ghorofa ya tatu. Siku hiyo lifti ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ikiwa na mama mmoja muuza vitambaa ambaye uchungu ulikuwa umeshamshika, pamoja na mhudumu aliyekuwa akisukuma kitanda chake. Nilipanda mbio, nikafungua mlango wa nje kwa ufunguo wangu, nikakuta sakafu ya lifti iko chini yetu kama kimo cha kifua. Mhudumu alikuwa amezirai. Mama hakuwa amezirai, na alikuwa anatueleza hivyo.

Mkunga mkuu akaja. Ni mama mnene, mwenye heshima zake, na upenyo ule haukuwa wa mwili wake. Mwenyewe ndiye aliyesema. Ilikuwa lazima mtu mwembamba aingie, na mtu mwembamba pale nilikuwa mimi. Nikaingia. Mkunga akalala kifudifudi juu, akaingiza kichwa kwenye upenyo, akaanza kunielekeza. Mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nilikuwa nimefumba macho.

Mkunga akaniambia, "Tazama, tazama."

Sikujua lipi ni jina na lipi ni amri. Nikaitika, macho yakiwa bado yamefumbwa. Akarudia kwa sauti ambayo sitaisahau, "Wewe fundi, fumbua macho, mtoto anakuja."

Nikafumbua. Akaja. Wa kiume, kilo tatu na nusu, akanipigia kelele usoni kabla hata sijamfuta. Nilimfunga kwenye ovaroli yangu, upande usio na grisi. Mama yake, akiwa bado amelala pale kitandani, alisoma maandishi ya kifuani kwenye ovaroli ile, akaniuliza kama ndilo jina langu. Nikasema ndiyo, kwa bahati mbaya. Akasema basi na mwanawe ndilo lake.

Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimweleza mambo ya darasa la nne. Akasema, "Baba, mwanangu hakuzaliwa nyuma ya mtu. Mimi namwita Tazama, basi." Na kweli, hilo la pili alilikataa.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuandikia. Ila mkunga mkuu ni mtu wa kusimulia. Ikawa mama akicheleweshwa na uchungu, mkunga anamwambia amwahidi mtoto jina lile, kwani linawafanya watamani kutoka waone kuna nini. Akina mama wakajaribu. Wengine ilisadifu. Mwaka wa kwanza wakapatikana Tazama watatu, wa pili tisa, kisha mtangazaji mmoja wa redio akampa mwanawe, na hapo nikashindwa hata kufuatilia. Kwa hesabu ya mkunga, hadi juzi walikuwa arobaini na watatu, na hao ni wa jengo hili tu. Bibi Msajili, wewe unao wa majengo mengine.

Sasa naomba nikuorodheshee madhara.

1. Faili. Mwezi wa tatu nilikwenda kliniki kwa ajili ya goti. Nikaitwa, nikaingia. Daktari alisoma faili, akaniangalia, akalisoma tena. Liliandikwa nina kilo tisa, nimeanza kusimama kwa kushikilia, na leo nadaiwa chanjo ya surua. Nilimweleza hayo ni ya mwenzangu. Akasema faili halidanganyi. Ilinibidi nimwonyeshe kwamba nasimama bila kushikilia, na kwa goti lile haikuwa rahisi.

2. Heshima mtaani. Mtaa wetu una Tazama sita. Juzi nimesimama na mzee wa mtaa tunazungumza juu ya mfereji, nikasikia mama akiita kutoka dirishani: "Tazama, toa kidole puani." Bibi Msajili, sikuwa na kidole puani. Lakini mkono ulishtuka, na mzee wa mtaa aliuona ulivyoshtuka.

3. Asili kupotoshwa. Duka la vitabu la karibu na hospitali linauza kijitabu cha majina ya watoto na maana zake. Langu limo. Limeandikwa kuwa ni jina la kale la mashujaa, maana yake "mwenye kuona mbali", na kwamba wenye jina hilo ni wapole na hawapendi ugomvi. Nilimwendea muuza vitabu kumwambia kwamba ni jina la fomu, maana yake ni "geuza karatasi". Akasema kitabu kimeshachapwa. Nilibishana naye dakika arobaini. Watu wakajaa. Mmoja akanunua kijitabu.

4. Binamu za jina. Kuna mapacha wa mwuguzi wa zamu ya mchana ambao wote wawili wanaitwa Tazameni. Kuna baba mmoja aliyegombana na mkewe juu ya jambo hili na mwanawe sasa ni Usitazame. Na upande wa pili wa soko kumezuka Angalia. Wapo wanne tayari, na wazazi wao wanadai kwamba ndilo lenye lugha nzuri zaidi. Mimi sina neno na watoto, ila nakuuliza, nikikaa kimya, baada ya Angalia atazaliwa nani?

5. Raha isiyotolewa jasho. Hili linaniuma kuliko la faili. Watoto hawa hawachekwi. Nimechungulia shuleni kwao, nikiwa nje ya uzio, mpaka mlinzi akaniuliza shida yangu. Mwalimu anaita "Tazama", watoto wanne wanaitika kwa pamoja kama kwaya, anaendelea na kazi. Hakuna anayegeuka. Hakuna hata anayetabasamu. Mimi nimelibeba jina lile miaka hamsini likiwa limejaa mawe, wao wamelikuta limeshapakuliwa, wanakimbia nalo.

6. Mke wangu. Nilitaka nisiliandike hili, lakini bila hili barua haijakamilika. Tangu tuoane, mke wangu alikuwa mtu pekee aliyelitamka jina langu bila kucheka na bila kutaka nione kitu. Aliliita akiwa jikoni, taratibu, nami nikaja. Sasa akiliita, wanakuja watoto wa jirani watatu, wananawa mikono na kukaa mezani. Ni watoto wenye adabu, siwezi kuwafukuza. Kwa hiyo ameacha. Mwanzo alikuwa ananiita Fundi. Baadaye Mzee. Wiki hii ananiita "wewe". Nilimuuliza kama amelisahau jina langu. Akasema hajalisahau, ila limejaa watu.

Kutokana na hayo, kwa unyenyekevu mkubwa, naiomba ofisi yako ifanye yafuatayo.

Kwanza, jina lifungwe. Libandikwe tangazo mlangoni kwamba limejaa, kama inavyofanywa kwenye kumbi.

Pili, wale waliokwisha kupewa wapewe namba kwa kufuata tarehe ya kuzaliwa. Mimi niandikwe Tazama wa Kwanza, na namba hiyo ionekane kwenye faili langu la kliniki kwa wino mwekundu.

Tatu, ili haki itendeke, kila Tazama afikapo umri wa miaka saba achekwe rasmi kwa muda wa mihula miwili, wakati wa kuita majina. Wachekaji wawe wenye uzoefu. Wapo wanafunzi wenzangu kumi na mmoja ambao bado wako hai na wenye nguvu, nami niko tayari kuwapendekeza kwa majina, licha ya yaliyopita.

Nne, ikiwa hayo yote yatashindikana, basi nibadilishiwe mimi. Nimetafakari sana ni jina gani ambalo hakuna mzazi atakayelitamani, nikachagua Kiambatisho. Naomba lihifadhiwe kwa ajili yangu na lisitajwe mbele ya mkunga mkuu.

Naomba majibu yaandikwe upande mmoja tu wa karatasi.

Nisalimie wote hapo ofisini: yule mama wa muhuri, bwana wa kabati la madaftari, msichana wa mapokezi anayesema "subiri kidogo" kwa upole, na mlinzi wa getini ambaye kila nikijitambulisha anageuka. Mke wangu anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia nini. Binti yangu pia anakusalimu, kutoka viti vya mwisho.

Ni mimi, niliyetangulia,

Tazama Nyuma
Fundi wa Lifti

Nyongeza, Alhamisi:

Bibi Msajili, barua hii nilikuwa sijaifunga. Nilikuja jana ofisini kwako kuomba nakala ya cheti changu cha kuzaliwa ili niiambatishe kama ushahidi kwamba mimi ndiye wa mwanzo. Wewe ulikuwa kwenye mkutano. Bwana wa kabati alinitolea daftari la mwaka wangu na la mwaka uliotangulia, akapekua, akanyanyua miwani, akaniuliza, "Yupi?"

Nikamwambia yupo mmoja tu. Akanigeuzia daftari. Miezi kumi na minne kabla yangu, kwa mwandiko wa karani yule yule, ameandikwa mtoto wa kiume, jina la kwanza Tazama, jina la ukoo Nyuma.

Nilikaa pale kwenye benchi muda mrefu, mpaka msichana wa mapokezi akaniletea maji. Halafu bwana wa kabati, ambaye namshukuru ingawa sidhani kama sheria inamruhusu, akanielekeza nyumba. Ni mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka kwangu. Nimepita mbele yake maisha yangu yote.

Ni mchora mabango. Mtaani wanamjua kwa jina la Kofia, na hata mke wake hakulijua jina la kwenye cheti mpaka siku ya kutia sahihi ya ndoa. Baba yake alikuwa dereva wa lori, ameshindwa kuamua kati ya majina matatu, akayaandika yote nyuma ya fomu ili ofisi imsaidie kuchagua. Kofia alilificha tangu siku yake ya pili shuleni. Nilipomtajia langu, alidhani nimetumwa kumdhihaki, akataka kufunga mlango. Nikamwonyesha ovaroli. Aliisoma, akanizunguka, akaona grisi, akarudi mbele. Tukacheka hadi mkewe akatoka kuangalia kuna msiba gani.

Aliniambia jambo ambalo limeharibu barua yangu yote. Alisema kwamba miaka michache iliyopita alianza kusikia akina mama wakiita "Tazama" barabarani, na watoto wakiitika wakikimbia bila aibu yoyote. Alikuwa juu ya ngazi anachora bango la kinyozi. Akashuka. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alitia sahihi ya jina lake kwenye pembe ya bango. Tangu hapo anatia kwenye yote. "Watoto ndio walionirudishia," alisema. "Bila wao ningezikwa Kofia."

Kwa hiyo ombi la kwanza naomba ulifute. La pili naomba ulifute haraka zaidi, maana kwa utaratibu nilioupendekeza mimi ni wa pili. La tatu sahau kwamba niliandika, na wale wenzangu kumi na mmoja usiwaandikie chochote. Kiambatisho apewe atakayelitaka.

Nabaki na ombi moja jipya. Bwana wa kabati alisema karani yule alikaa kwenye dawati lile miaka ishirini na sita. Baba wenye mwandiko mkubwa hawakuwa wawili tu. Tunakuomba ruhusa, mimi na mwenzangu, tuje Jumatatu tuyapekue madaftari yote yaliyobaki. Tutakuja na miwani yetu na hatutachafua.

Jumamosi anakuja kwetu na mkewe kunywa chai. Wakati naondoka alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia, "Haya, mdogo wangu, nenda salama." Mimi ni kifungua mimba, Bibi Msajili. Kwetu walionizidi walikuwa wazazi na bibi zangu tu, na tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniita mdogo wake. Nikamwambia asante, kaka.